Walikunywa Bila Mimi

Siku hizi sichukui kesi za vyama vya wafanyakazi. Mtu akija ofisini kwangu hapa Kasulu akasema chama chao kinatafuta wakili, namkaribisha kiti, namsikiliza mpaka mwisho, kisha namwelekeza kwa mwenzangu mmoja mwenye ofisi karibu na stendi. Wengine hushangaa, maana kwa miaka mingi ukitaja mgogoro wa kazi kuanzia hapa mpaka Kibondo, jina lililofuata lilikuwa langu. Huwa nawaambia nimechoka. Si kweli. Sijachoka hata kidogo. Nina hasira, na hasira yenyewe haijapoa ingawa aliyenikasirisha tunasali kanisa moja na tunapeana mikono kila Jumapili.

Niliporudi kutoka Dar na shahada yangu ya sheria, nilikuwa na viatu ambavyo tope la Kasulu lilivimaliza katika masika ya kwanza. Baba alitaka nifanye kesi za mashamba. Aliniambia kwamba watu wa huku hugombana kwa sababu ya ardhi, na anayetaka kula ajiweke hapo. Lakini mimi nilianza na madereva wa malori, wakaja walinzi, wakaja walimu wa shule binafsi, na kabla sijajua nilikuwa nimeshakuwa wakili wa vyama. Niliipenda kazi ile. Nilipenda kumwona mwajiri aliyezoea kusema "toka" akilazimika kukaa mezani na mtu aliyemtoa, akitafuta maneno mengine.

Katika kazi hiyo ndipo nilipokutana na katibu wa chama wa kanda. Alikuwa karani wa stoo kabla wenzake hawajamchagua, na alikuwa na kipaji ambacho mimi sina: alijua jina la kila mlinzi wa usiku, jina la mke wake, na mtoto yupi anaumwa. Chama kilikuwa na pikapu moja, na ndani ya pikapu hiyo tumeisoma barabara ya Kibondo ilipokuwa vumbi jekundu, tumeisoma ilipokuwa tope, mpaka lami ilipokuja tukaanza kulalamika kwamba safari imekuwa fupi mno kumaliza maongezi. Mama yangu alipofariki, yeye ndiye aliyesimamia chakula cha waombolezaji. Alikuwa rafiki yangu. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani nilikuwa nashughulika na mhuni.

Kuna jambo moja kuhusu wakili wa chama ambalo watu wengi hawalijui. Mteja wangu alikuwa chama. Chama ndicho kilichonilipa na chama ndicho kilichoniambia niseme nini, ingawa aliyekaa mbele yangu akifuta machozi alikuwa mtu mwenye jina na watoto. Kwa miaka yote ile chama na mtu walikuwa wakitaka jambo lilelile, kwa hiyo sikuona sababu ya kulifikiria sana.

Shauri lenyewe lilitoka kwenye ghala moja la nafaka, upande wa kuelekea Kibondo. Kampuni ilikuwa na maghala kadhaa, ikinunua mahindi na maharage kwa wakulima na kuchukua tenda za kupeleka chakula kwenye makambi ya wakimbizi. Wafanyakazi wengi walitoka Rungwe Mpya na vijiji jirani. Baadhi yao walikuwa Waha wa hapa tangu mababu. Wengine walikuwa kama sisi, watoto wa watu waliovuka kutoka Burundi wakapewa uraia, ambao mpaka leo wakitamka "Tanzania yetu" wanaitamka kwa kukaza. Walikuwa wakiitwa vibarua ingawa kuna waliokaa pale mpaka watoto wao wakamaliza shule.

Chama kilipofungua tawi pale, walimchagua mwanamke mmoja kuwa katibu wa tawi. Alikuwa mchambuaji wa maharage. Wachambuaji ni wanawake wanaokaa chini kwenye turubai, ungo mapajani, wakitoa mawe na punje mbovu tangu asubuhi, na vumbi la maharage linaingia kifuani mpaka wanakohoa kama wavuta tumbaku. Huyu alikuwa mlokole, mpole wa sauti, mwenye tabia ya kusubiri umalize kusema kisha akae kimya kidogo ndipo ajibu. Mimi ni mtu wa haraka na mwanzoni alinikera. Baadaye niligundua kwamba katika tawi zima yeye ndiye ambaye sikuwahi kumwuliza swali moja mara mbili.

Aliomba vitu viwili, barakoa za vumbi na mikataba ya kazi. Asubuhi moja meneja wa ghala alimzuia getini. Akamwambia nenda nyumbani, nitakuita. Mtunza ghala, mzee mmoja mwenye funguo, alikuwa amesimama hapohapo akisikia. Yule mama akaenda nyumbani akangoja kuitwa. Kilichokuja ni barua kwamba amefukuzwa kwa utoro kazini. Wenzake waliposikia wakaweka nyungo chini, wabeba mizigo nao wakakaa kwenye magunia, na kabla ya jua kuwa kali wote walikuwa nje ya geti. Katibu wa kanda akanipigia simu, nami nikaandika shauri moja kwa wote, jina la yule mama likiwa la kwanza.

Nilimwuliza anataka nini. Kisheria mtu aliyeachishwa isivyo haki anaweza kulipwa fidia au kurudishwa kazini, na wengi wakishakasirika huchagua fidia.

"Mama wakili, mimi fidia sitaki," akasema. "Itakuja italiwa iishe. Nataka kupita geti lile tena, asubuhi, wakiwa wamesimama wananiona. Mtoro ni mwanafunzi. Mimi sijatoroka kazi ya mtu."

Nikamwambia hilo linawezekana, kwa sababu tuna mzee wa funguo. Kila kitu kilisimama juu ya yale maneno ya getini. Mzee akisema alichosikia, utoro unakufa, na utoro ukifa, wenzake walikuwa na sababu ya kuacha kazi. Mzee mwenyewe alikuwa tayari. Alikuwa amekaa kwenye kiti changu ofisini akanisimulia neno kwa neno, mpaka sauti ya meneja akaiigiza.

Hapa lazima nieleze mila moja ya kwetu, maana bila hiyo hakuna atakayeelewa kilichotokea. Baba yangu alivuka mpaka akiwa kijana, kabla sijazaliwa, na hata baada ya kupata uraia watu wa kwao waliendelea kumhesabu miongoni mwa abashingantahe, yaani wazee wa kusuluhisha. Ugomvi ukishaamuliwa huletwa chungu cha pombe na mirija. Waliogombana wanakunywa kwanza kutoka chungu kimoja, kisha wazee, kisha kila aliyekaa hapo. Baada ya hapo jambo limekwisha. Haliguswi tena, na atakayelitaja mbele ya watu yeye ndiye anayekuwa mgomvi mpya. Walokole walipoacha pombe hawakuacha mila. Walitia umutobe chunguni, maji ya ndizi yasiyochacha, na sheria ikabaki ileile. Nimekulia ndani ya jambo hili na sina ubaya nalo. Nimeona majirani waliokatana mapanga wakilima pamoja msimu uliofuata kwa sababu ya chungu.

Lakini lina masharti yake, na baba alikuwa mkali kwa hayo. Kila aliye ndani ya ugomvi lazima aitwe. Na kama una msemaji, mtu anayesimama kwa ajili yako, lazima naye awepo au atume neno kwamba amekubali. Chungu kilichonywewa bila msemaji kujua, baba alikiita maji ya kuoshea vyombo.

Jumapili ya kabla ya shauri kusikilizwa, katibu wa kanda alinituma Kibondo. Alisema kuna walinzi wa kampuni nyingine wanataka kujiunga na chama, na wanaweza kukutana siku hiyo tu. Nikaikosa ibada nikaenda. Nilikaa kwenye mgahawa tuliozoea, nikanywa chai ya tangawizi mpaka tumbo likaunguruma, na hakuna mlinzi hata mmoja aliyetokea. Nikampigia simu, akacheka, akasema walinzi ni walinzi, wamelala. Nikacheka na mimi, nikarudi.

Mwamuzi wa migogoro ya kazi alikuja kutoka Kigoma mjini na akakaa katika ukumbi wa kuazima hapa Kasulu. Alikuwa mtu wa Tanga, Kiswahili chake laini, kila sentensi imenyooshwa kwa pasi. Kampuni ilikuwa imeleta wakili kutoka Mwanza, kijana mwenye suti ya kubana na mafaili mengi, ambaye nilikuwa nimejiandaa kumla nyama siku hiyo. Nikamwita mzee wa funguo awe shahidi wa kwanza. Akaapa kwa Biblia. Nikamwuliza, siku ile getini alimsikia meneja akimwambia nini huyu mama?

Mzee akanitazama kwa upole kabisa.

"Hayo yamekwisha, mwana wacu," akasema, akiniita mwanetu kwa lugha ya kwetu.

Nikadhani hajanielewa. Nikarudia swali. Akarudia jibu. Mwamuzi akavua miwani.

"Yamekwisha kivipi, mzee?"

"Yamekwisha, mheshimiwa."

"Yaani umesahau?"

"Oya, nakumbuka vizuri."

"Basi tuambie."

"Mheshimiwa, yamekwisha. Siwezi kuyasema tena."

Wakili wa Mwanza alimgeukia meneja wake na macho ya kuuliza, kwa sababu naye hakuwa ameambiwa kitu. Alikuwa na maswali yake ya kumbana mzee, na sasa hakujua ayafanyie nini. Meneja alikuwa akitazama viatu vyake. Meneja yule ni Muha wa Kibondo, na mambo ya chungu anayajua. Hakuhitaji wakili aongozane naye siku aliyofanya alilolifanya.

Ndipo nikageuka kuwatazama wateja wangu, na nikaona nilichopaswa kukiona nilipoingia. Hawakuwa wamekaa upande wao. Wabeba mizigo wawili walikuwa benchi moja na meneja, bega kwa bega, na mmoja wa wachambuaji alikuwa amemletea mto wa kukalia. Hakukuwa na uadui wowote ukumbini mle. Yule mama, katibu wao wa tawi, alikuwa peke yake dirishani, mikono mapajani. Nilijua palepale, kabla sijaambiwa, kwamba pamenywewa. Nikamwita shahidi wa pili, naye akasema yamekwisha. Nikaomba mapumziko mafupi.

Katibu wa kanda alikuwa nje, ameegemea pikapu ya chama, anatafuna karanga.

"Lini?" nikamwuliza.

Hakujifanya hajui. Kwa hilo namsifu. "Jumapili, baada ya ibada. Kule kule kijijini kwao."

"Mimi nikiwa Kibondo nangoja walinzi wako."

"Dada, ningekuambia ungekuja. Na ungekuja ungekataa."

"Na yeye?"

"Aliitwa. Alikaa na watu vizuri tu. Meneja akasema kwanza aombe radhi kwa utoro, yaishe. Mrija ulipomfikia akaurudisha." Akatema ganda la karanga. "Wenzake wote wanarudi kazini. Wote, dada. Na kampuni inatia saini mkataba wa hali bora za kazi, maghala yake yote, siyo hili moja. Unajua mkataba huo tumeutafuta tangu lini. Mtu mmoja kwa tawi zima. Ungekuwa kwenye kiti changu ungefanya hivihivi."

Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika hapa kwa sababu bado nategemea kushiriki meza ya Bwana. Alipoona nimemaliza, akapangusa mikono kwenye suruali na kusema kwa sauti ya heshima, ile sauti anayotumia kwa wakubwa, kwamba mteja wangu ni chama, chama kinaondoa shauri, na ninaporudi ndani nimwambie mwamuzi hivyo.

Watu wa Dar wakiachwa peke yao husema wameachwa kwenye mataa. Kasulu sijawahi kuona mataa, lakini siku ile nilisimama kwenye hayo mataa yenyewe, na magari yote yakapita.

Nilirudi ndani. Nikamwambia mwamuzi kwamba chama kinaliondoa shauri kwa wale waliopatana na kampuni. Nikamwambia pia kwamba kuanzia dakika hiyo mimi si wakili wa chama hicho tena, na kwamba naomba jina la mwanachama mmoja libaki, na kama mwenyewe ataridhia nitasimama kwa ajili yake bila malipo. Mwamuzi akamwuliza yule mama kama anataka kuendelea. Akasema anataka kuendelea. Hilo la wakili akasema atalifikiria. Mwamuzi akaahirisha.

Watu walipokuwa wakitawanyika, mzee wa funguo alinifuata uani. Alikuwa na huzuni ya kweli, nami nilikuwa nimejiandaa kumgeuzia mgongo.

"Usitukasirikie, mwana wacu," akasema. "Tulivyoona umetuuliza mle ndani tulishangaa. Kwani si ulikubali?"

"Nilikubali nini, baba?"

"Chungu. Mimi mwenyewe niliuliza kabla mtu hajashika mrija. Nikasema, msemaji wetu yuko wapi, mbona simwoni? Katibu wa kanda akasimama akasema una safari ya Kibondo, lakini umekubali, na umesema hata baba yako mzee angekuwa hai angebariki. Ndipo nikanywa. Baba yako namjua. Bila jina lake nisingekunywa."

Nilimwambia sikukubali. Nilimwambia sikujua. Nilimwona akilipokea neno lile na kulibeba kama gunia lililompita nguvu, kisha uso wake ukajifunga. Akasema kwamba kama sikukubali, basi mimi sikuwa ndani ya chungu, na hata hayo aliyoniambia hakupaswa kuniambia. Akaomba radhi akaondoka.

Nilienda nyuma ya ukumbi, chooni, nikalia. Sikulia kwa ajili ya kesi, nimeshindwa kesi nyingi. Nililia kwa sababu mtu aliyewagawia watu chakula msibani kwa mama yangu alimchukua baba yangu kutoka kaburini na kumfanya chambo. Watu wale hawakuuza mechi. Walikunywa kwa imani, kwa kufuata sharti la baba neno kwa neno, na sharti hilo ndilo alilolitumia kuwanywesha. Alijua hawatakunywa bila mimi, basi akatengeneza mimi mwingine.

Nikanawa uso nikamkimbilia yule mama. Nilimkuta amekaribia stendi, viatu vyake vya ibada vimejaa vumbi.

"Mama, sikuwepo siku ile," nikamwambia.

"Najua hukuwepo."

"Na sikujua. Hakuna aliyeniambia."

Akasimama. Watu walikuwa wakitupita na mizigo yao, konda anaita Kabanga, Kabanga, na yeye akanitazama kwa muda wake uleule, ule ambao zamani ulikuwa ukinikera.

"Mama wakili, chungu kinapikwa kijiji kizima kinajua, na kanisa linajua, msemaji wetu asijue?"

"Alidanganya. Alitumia jina langu na la baba."

"Ego," akasema. Kwetu "ego" ni ndiyo, lakini kuna ego ya kusema nimesikia tu, na hiyo ndiyo niliyopewa. Kisha akanieleza bila hasira. "Nilipourudisha mrija, wenzangu walinisema sana. Waliniambia hata wakili wako amekubali, wewe ni nani? Nikasimama nikasema, basi kama na yeye amekubali, na yeye nimemkataa. Nilisema hivyo mbele ya mchungaji na watoto wangu. Sasa nitarudije nyuma ya mtu niliyemkataa mbele ya watu?"

Nikamwambia kwamba mzee wa funguo anaujua ukweli. Akaniuliza kama mzee atausema. Sote wawili tulijua kwamba mzee hawezi kumwambia lolote la siku ile mtu aliyerudisha mrija. Jambo limekwisha, na uongo uliokuwa ndani yake umekwisha nalo. Yaliyomzuia mzee kusema ya getini ndiyo yaliyomzuia kusema ya kwangu.

Jioni hiyo nilimpigia katibu wa kanda. Nikamwambia sitaki kitu kingine kwake duniani, isipokuwa aende kwa yule mama akamwambie sikujua. Alivuta pumzi. "Dada, tusifukue," akasema. "Watu wameanza kutulia." Sijawahi kukaa naye ndani ya gari tena.

Wenzake yule mama walirudi kazini kama walivyoahidiwa. Mkataba wa hali bora ulisainiwa, na nasikia ni mkataba mzuri. Wachambuaji wana barakoa siku hizi, nimewaona nikipita, nyuso nusu zimefunikwa, nyungo mapajani. Kila nikiwaona nafurahi kwa ajili yao na papo hapo natamani kusimamisha gari niwatukane. Yeye hakurudi. Mwamuzi aliona kampuni haikumpa nafasi ya kujitetea kabla ya kumfukuza, akaamuru alipwe fidia. Lakini la getini halikuthibitishwa, hapakuwa na shahidi, na neno utoro likabaki mahali pake. Fidia aliipokea. Kijijini wanamheshimu kwa salamu, lakini kwenye kikao cha kina mama hawampi nafasi ya kusema, kwa sababu ni mtu aliyekataa amani.

Mimi nilikuwepo siku shauri lake liliposikilizwa. Hakuna aliyeniita. Nilifika mapema nikamkuta mlangoni, nikamwamkia, "Mwakeye," akaitikia vizuri na kuniulizia watoto. Nikamwambia nimekuja na vitabu vyangu, kila kitu kiko tayari, akitaka aninyooshee kidole tu nitasimama. Akanishukuru. Nikaingia nikakaa benchi la nyuma, mkoba wangu mapajani.

Wakili wa Mwanza alitandaza mafaili yake. Yule mama alikaa peke yake kwenye meza ambayo kwa miaka yote nilikuwa nakaa mimi. Mwamuzi alipoingia alitupa macho ukumbini, akaniona, akanitazama kidogo kama anayengoja nisogee mbele. Sikusogea. Akamgeukia yeye.

"Mama, una wakili?"

Hakugeuka nyuma. Alikaa kimya kwa muda wake, nami nikajikuta nimeshasogea ukingoni mwa benchi na mkoba uko mkononi.

"Sina," akasema.

Mwamuzi akaandika.